Patrick, mtumwa aliyerudi Ireland kwa hiari

Kila tarehe 17 Machi, Waireland huvaa kijani na kujitokeza barabarani kumkumbuka mtu ambaye hakuzaliwa kwao. Patrick alizaliwa Britania, wakati kisiwa hicho kikiwa chini ya Waroma au utawala wao ukielekea kuisha. Baba yake, Calpurnius, alikuwa shemasi.

Akiwa na umri wa miaka karibu 16, alitekwa na wavamizi na kupelekwa Ireland. Huko alichunga mifugo miaka 6 kama mtumwa, kisha akatoroka kwa meli.

Aliporudi nyumbani, jamaa zake walimsihi asiwaache tena. Lakini alirejea Ireland, safari hii akiwa askofu, na kubatiza maelfu ya watu. Askari wa mtawala mmoja, Coroticus, walipowaua baadhi ya wakristo wapya na kuwateka wengine, Patrick aliwaandikia barua kali akiwatenga na Kanisa. Utumwa hakuusikia kwa watu.

Habari kwamba alifukuza nyoka ni hadithi tu: Ireland haikuwa na nyoka. Tarehe 17 Machi huhesabiwa kuwa siku ya kifo chake, na tangu 1903 ni siku ya mapumziko nchini humo.