Mabel Shaw: Mwalimu wa Mbereshi aliyeifanya shule kuwa kijiji

Kusini mwa Nchelenge na ufukwe wa Ziwa Mweru, katika bonde la Mto Luapula nchini Zambia, ipo Mbereshi, jirani na makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Hapo alifika Mabel Shaw mwaka 1915. Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1888, alikuwa mwanamke wa kwanza asiyeolewa kutumwa Afrika ya Kati na Chama cha Misheni cha London. Alikabidhiwa elimu ya wasichana.

Kazi haikuwa nyepesi. Katika bonde hilo ukoo hufuata upande wa mama, na hatima ya binti ilikuwa mikononi mwa mama, bibi na mjomba. Wengi waliposwa wakiwa wadogo. Kumpeleka bwenini kulimaanisha kukosa msaada wake shambani na kuwaachia wageni malezi yake. Bila ridhaa ya jamaa, shule isingesimama.

Shaw alilitambua hilo. Aliipanga shule mfano wa kijiji: wasichana waliishi katika nyumba, wakubwa wakiwalea wadogo kama mama na wana. Mafunzo ya unyago, ambao Wabemba huuita chisungu, hakuyatupa yote; mengine aliyapa sura ya Kikristo. Mwaka 1925, Uingereza ilipotoa sera iliyotaka elimu katika makoloni yake ya Afrika izingatie mila za wenyeji, Mbereshi ilikuwa imekwisha kuianza njia hiyo. Kitabu chake, God's Candlelights, kilichotoka mwaka 1932, kiliitangaza shule hiyo Uingereza.

Hata hivyo, kuazima desturi za wazazi si sawa na kuwashirikisha wazazi wenyewe. Shaw alipinga ndoa za mitala, na posa za wanafunzi alitaka zipitie kwake. Mamlaka aliyoyapata mwalimu yalikuwa yamepunguzwa kwa mjomba na bibi.

Aliondoka mwaka 1940, baada ya miaka 25, akafariki mwaka 1973. Leo wilaya ya Nchelenge inawalea pia watoto wa wakimbizi kutoka Kongo, katika makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018. Swali lililoachwa Mbereshi lingali hai kwao na kwa wenyeji: je, mzazi huitwa shuleni kuarifiwa uamuzi, au kuamua pamoja na mwalimu?