Lin Shu (1852–1924): Msomaji wa Riwaya za Magharibi kwa Njia ya Masikio

1.0 Utangulizi

Katika historia ya tafsiri za kifasihi ni nadra kumpata mtu aliyeingiza katika lugha yake zaidi ya vitabu 150 vya kigeni ilhali yeye mwenyewe hakujua hata lugha moja ya kigeni. Mtu huyo ni Lin Shu, mwandishi na mchoraji wa China aliyeishi katika miaka ya mwisho ya utawala wa kifalme na miaka ya mwanzo ya jamhuri. Aghalabu wataalamu wa tafsiri humtaja kama kioja, kisha humwacha. Makala hii inayaangalia maisha yake kwa upande ambao haujapewa uzito wa kutosha, yaani upande wa usomaji. Hoja ya msingi ni kwamba Lin Shu alikuwa msomaji kabla ya kuwa mfasiri, na kwamba tabia za usomaji alizozijenga kabla ya kukutana na riwaya ya Magharibi ndizo zilizomwezesha kuipenda na kuielewa. Tabia hizo hizo ndizo zilizomwekea mipaka.

2.0 Malezi ya Msomaji

Lin Shu alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa Fuzhou, jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China. Jamaa yake ilikuwa maskini, na baba yake alihangaika na biashara ambayo haikufanikiwa. Kwa mtoto wa hali hiyo vitabu vilikuwa vitu vya anasa. Lin Shu alijipatia vitabu vikuukuu vilivyochakaa kwa bei ndogo, akavisoma na kuvirudia. Inasimuliwa kwamba alichora jeneza ukutani na kujiandikia onyo kuwa ama asome apate uhai, ama aingie humo. Masimulizi ya namna hii huenda yametiwa chumvi, lakini yanaonyesha jinsi kusoma kulivyochukuliwa na mtu wa tabaka lake: si burudani tu, bali njia pekee ya kujikwamua.

Mwaka 1882 alifaulu mtihani wa serikali wa ngazi ya jimbo. Mtihani wa ngazi ya juu, uliofanyika katika mji mkuu, alishindwa kila alipoujaribu, hata akaacha. Hata hivyo, kufaulu kule kwa kwanza kulimfungulia mlango mwingine. Alifanya urafiki na mtu wa ukoo wa Li aliyekuwa na maktaba kubwa nyumbani, akawa anaazima vitabu humo bila kuchoka. Vitabu alivyovienzi kuliko vyote vilikuwa kumbukumbu za kihistoria za Sima Qian, aliyeishi zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na insha za mabingwa wa enzi za Tang na Song, hususan Han Yu. Kutokana na hao alijifunza kuzingatia msuko wa masimulizi: tukio dogo linavyotajwa mapema ili lizae matunda baadaye, na jinsi mhusika anavyochorwa kwa tendo moja. Ladha hii ya kale ndiyo aliyoipeleka baadaye katika riwaya za Ulaya.

3.0 Msiba na Kitabu cha Kwanza

Mke wa Lin Shu alifariki mwaka 1897, naye akazama katika huzuni. Wakati huo rafiki yake Wang Shouchang alikuwa amerejea kutoka Ufaransa alikokuwa amesoma. Wang alimsimulia riwaya ya Alexandre Dumas mwana, La Dame aux camélias, inayohusu mapenzi na kifo cha mwanamke wa Paris, na akamshawishi waitafsiri pamoja. Wang alishika kitabu cha Kifaransa na kueleza kwa kinywa. Lin Shu alishika kalamu na kuandika kwa Kichina cha kale. Lin Shu alikiri baadaye kwamba zaidi ya mara moja alitupa kalamu na kulia.

Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1899, naye akajificha nyuma ya jina la bandia, kwani katika jamii ya wasomi wa China hadithi za kubuni zilihesabiwa kuwa utanzu wa hali ya chini. Mapokezi yake yalikuwa makubwa kupita matarajio. Wasomaji waliodhani kwamba Magharibi ina mizinga na meli tu waligundua kwamba ina pia machozi. Kwa Lin Shu, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 45, huo ulikuwa mwanzo wa mapenzi yaliyodumu hadi uzeeni.

4.0 Namna ya Kusoma

Kiswahili kina tofauti baina ya kusoma na kusomewa. Kwa maana finyu, Lin Shu alikuwa mtu aliyesomewa. Wasaidizi wake walikuwa wengi. Wei Yi, aliyejua Kiingereza, ndiye aliyefanya naye kazi bora za awali. Wengine waliojulikana ni Zeng Zonggong na Chen Jialin. Utaratibu ulikuwa mmoja: msaidizi alitazama ukurasa na kuueleza kwa Kichina cha mazungumzo, na papo hapo Lin Shu akaugeuza kuwa nathari ya kale. Kwa maelezo yake mwenyewe, sauti ilipokoma na kalamu ilikoma. Alifanya kazi saa 4 kwa siku, na kwa muda huo aliandika kiasi cha maneno 6000. Baadaye mshairi Chen Yan alimtania kwa kukiita chumba chake kiwanda cha kutengenezea fedha, maana kila kilichotoka humo kilinunuliwa. Sehemu kubwa ya kazi hizo ilitolewa na Commercial Press ya Shanghai.

Swali linalozuka ni kama usikilizaji wa namna hii unastahili kuitwa usomaji. Katika dibaji ya tafsiri yake ya The Old Curiosity Shop ya Charles Dickens, Lin Shu alieleza kwamba mtu aliyekaa chumbani huweza kuwatambua watu wa nyumbani kwa vishindo vya miguu yao ingawa hawaoni, na kwamba yeye naye, baada ya kusikiliza kwa miaka, aliweza kupambanua mtindo wa mwandishi mmoja na wa mwingine. Dai hilo si la majivuno matupu. Dibaji zake zinaonyesha kwamba alitambua tofauti baina ya Dickens, Walter Scott na Henry Rider Haggard kwa namna inayokubaliana na maoni ya wahakiki waliowasoma kwa Kiingereza. Msaidizi alimpa maana. Mtindo aliunasa kwa sikio lililokuwa limezoezwa kwa miaka 30 ya kusoma nathari ya Kichina.

5.0 Ladha na Uteuzi

Mwandishi aliyemheshimu zaidi ni Dickens. Baina ya mwaka 1907 na 1909 alitoa riwaya 5 za mwandishi huyo, zikiwamo Oliver Twist na David Copperfield. Mambo mawili yalimvutia. La kwanza ni maudhui: Dickens aliwaandika watu wa chini, wezi, wadeni na yatima, wakati fasihi ya Kichina, kwa maoni ya Lin Shu, ilizoea wafalme, mashujaa na mabinti wazuri. Alidai kwamba kwa kufichua uoza wa jamii Dickens aliisaidia Uingereza kujirekebisha, na akatamani China ipate waandishi wa aina hiyo. La pili ni fani. Katika David Copperfield alistaajabia jinsi mambo madogo ya sura za mwanzo yanavyoungana na ya mwisho kama viungo vya mnyororo.

Itikadi yake ya Kikonfusio nayo ilijitokeza katika uteuzi na hasa katika majina ya vitabu. The Old Curiosity Shop iligeuka kuwa habari za Nell, binti mwenye utii kwa wazee. Montezuma's Daughter ya Haggard ikawa kisa cha kijana wa Kiingereza mwenye utii anayelipiza kisasi kwenye mlima wa moto. Lengo lake lilikuwa kuwathibitishia wahafidhina kwamba watu wa Magharibi nao wanawaheshimu wazazi wao, na kwa hiyo kusoma vitabu vyao si kupotoka. Pamoja na hayo, mwaka 1905 aliitafsiri Joan Haste ya Haggard bila kuficha mimba ya mhusika asiyeolewa, jambo ambalo tafsiri iliyotangulia ililifumba. Walinzi wa maadili walimshambulia. Mhafidhina huyu alikuwa mwaminifu kwa hadithi kuliko wapinzani wake walivyotarajia.

Kazi yenye uzito wa kisiasa kuliko zote ni Uncle Tom's Cabin ya Harriet Beecher Stowe, aliyoitafsiri na Wei Yi mwaka 1901. Wafasiri hao walipunguza sehemu za Kikristo na kuielekeza hadithi kwenye mateso ya vibarua wa Kichina nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1882 iliwazuia kuingia. Mwaka 1907 wanafunzi wa Kichina mjini Tokyo waliigeuza kuwa mchezo wa kuigiza, na onyesho hilo huhesabiwa miongoni mwa chimbuko la tamthilia ya kisasa ya Kichina.

Haggard ndiye aliyetafsiriwa kwa wingi kuliko wote, zaidi ya vitabu 20. Hapa pana uhusiano wa kweli na Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Lin Shu alitoa Allan Quatermain, riwaya ambayo msafara wake unaanzia Lamu na kupanda mto Tana. Katika dibaji alisema kwamba mtindo wa Magharibi unafanana sana na ule wa Sima Qian. Hivyo msomaji wa Beijing aliufikia mwambao wa Waswahili kwa kupitia sikio la mtu wa Fuzhou na ndoto za Mwingereza. Mwaka 1929 King Solomon's Mines, riwaya nyingine ya Haggard, ilitokea kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson. Tofauti ni bayana. Kwa upande wa Kiswahili aliyeshika kalamu alikuwa mgeni aliyejua lugha ya asili. Kwa upande wa China alikuwa mwenyeji aliyejua lugha pokezi tu.

6.0 Lawama na Utetezi

Lin Shu amelaumiwa kwa mengi, na baadhi ya lawama ni za haki. Kwa kuwa hakuweza kusoma asilia, uteuzi ulitegemea kile ambacho wasaidizi walikileta, na vingi vilikuwa vitabu hafifu. Mwaka 1924 Zheng Zhenduo, aliyehesabu kazi 156, aliona kwamba sehemu kubwa ya juhudi hizo ilipotea kwa vitabu visivyostahili. Aidha, Lin Shu alipunguza na kuongeza. Qian Zhongshu, katika makala mashuhuri ya miaka ya 1960, alionyesha jinsi alivyoongezea vichekesho katika Nicholas Nickleby pale alipoona Dickens hakukamilisha. Qian alitambua kwamba hayo yalikuwa maongezo ya msomaji mwenye kipaji, asiyeweza kukaa kimya mbele ya hadithi anayoipenda.

Lawama nyingine imeonekana kuwa si ya haki. Kwa miongo mingi ilidaiwa kwamba Lin Shu hakujua tofauti baina ya tamthilia na riwaya, kwa sababu baadhi ya kazi za Shakespeare na Ibsen zilitoka mikononi mwake zikiwa masimulizi ya nathari. Katika miaka ya 2000 mtafiti wa Kijapani Tarumoto Teruo alionyesha kwamba matini zilizotumika zilikuwa tayari zimegeuzwa kuwa hadithi na waandishi wa Kiingereza. Kosa lilikuwa la wahakiki ambao hawakutafuta asilia iliyokuwa mezani.

7.0 Miaka ya Mwisho

Wapenzi wa tafsiri zake waligeuka kuwa wapinzani wake. Lu Xun na ndugu yake Zhou Zuoren walizisoma kwa hamu ujanani. Guo Moruo alikiri athari yake. Lakini vuguvugu la kuandika kwa lugha ya kila siku liliposhika kasi, Lin Shu alisimama upande wa Kichina cha kale. Mwaka 1918 jarida la New Youth lilimfanyia dhihaka, na mwaka 1919 alimwandikia Cai Yuanpei, mkuu wa Chuo Kikuu cha Beijing, kupinga mwelekeo huo. Alishindwa katika mjadala. Hakuacha kazi hata hivyo: mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 70, ilitoka tafsiri yake ya Don Quixote, iliyopitia Kiingereza. Alifariki Beijing tarehe 9 Oktoba 1924.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Lin Shu yanaonyesha kwamba ujuzi wa lugha ya kigeni na uwezo wa kusoma fasihi ya kigeni ni mambo mawili yanayokaribiana lakini si jambo moja. Alikosa la kwanza na gharama yake ilikuwa kubwa: uteuzi usio wake, na makosa asiyoweza kuyasahihisha. Alikuwa na la pili kwa sababu alikuwa ameisoma fasihi yake mwenyewe kwa kina. Qian Zhongshu, aliyekuja kuwa bingwa wa lugha kadhaa za Ulaya, alieleza kwamba alivutwa kujifunza lugha hizo na masanduku mawili ya tafsiri za Lin Shu aliyoyakuta nyumbani alipokuwa mtoto. Na utu uzimani bado alipendelea kumsoma Haggard katika Kichina cha Lin Shu kuliko katika Kiingereza. Kwa wanaofundisha tafsiri, ushahidi huo unadai kwamba usomaji mpana wa lugha pokezi upewe nafasi sawa na ujifunzaji wa lugha chanzi.