James Madison na hofu ya kura ya wengi

Miaka michache kabla ya uhuru wa Marekani, wahubiri wa Kibatisti walifungwa gerezani katika koloni la Virginia. Kosa lao lilikuwa kuhubiri bila kibali cha serikali. Huko Culpeper wengine walihubiri kupitia dirisha la gereza, na watu wakasimama nje kuwasikiliza.

Wilaya jirani ya Orange aliishi kijana mwenye afya dhaifu, mtoto wa tajiri wa mashamba. Huyo ndiye James Madison, aliyezaliwa mwaka 1751. Hakuwa Mbatisti. Alikulia katika kanisa la Anglikana, ambalo ndilo lilikuwa kanisa la serikali. Lakini alikuwa amesoma Princeton chini ya mchungaji Mpresbiteri, John Witherspoon, akabaki huko muda baada ya masomo ili ajifunze Kiebrania. Habari za wale wafungwa zilimchoma moyo.

Mwaka 1776 Virginia iliandika tangazo lake la haki. George Mason alipendekeza kwamba watu wa dini zote wavumiliwe. Madison, mwenye miaka 25 tu, aliomba neno hilo libadilishwe. Anayevumiliwa leo aweza kukataliwa kesho. Mwenye haki haombi ruhusa.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1784. Mfalme hakuwapo tena. Bunge lilichaguliwa na raia. Patrick Henry, msemaji hodari, alitaka kodi ya kulipa walimu wa dini ya Kikristo, kila mtu akichagua kanisa litakalopokea fedha yake. Mimi mchungaji, ninayejua shida ya mshahara wa watumishi, nakiri kwamba pendekezo hilo lingenivuta. Madison alilipinga. Mwaka 1785 aliandika maandiko ya kupinga, yakapitishwa kwa raia watie sahihi. Alieleza kwamba bunge lenye uwezo wa kuuchagua Ukristo leo litaweza kesho kuchagua dhehebu moja na kuwatesa wengine. Alikubali kwamba katika mambo ya nchi wengi ndio huamua, lakini dhamiri ya mtu haikuwekwa mikononi mwao. Wabatisti na Wapresbiteri walituma maombi yao pia. Kodi ilikufa, na mwaka 1786 ikapita sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson.

Alifika Philadelphia mwaka 1787, kuandika Katiba, akiwa na swali hilo hilo: wengi wenyewe wakiwa ndio waonevu, mnyonge atakimbilia kwa nani? Alitumaini kwamba katika jamhuri kubwa yenye makundi mengi haitakuwa rahisi kundi moja kuwameza wengine. Orodha ya haki aliiona kama ukuta wa karatasi. Wabatisti wa Virginia, pamoja na mchungaji John Leland, hawakuridhika. Mwaka 1789, akishindana na James Monroe kwa kiti cha ubunge, Madison aliahidi kuongeza haki hizo. Alishinda, akatimiza ahadi, na mwaka 1791 marekebisho kumi yakawa sheria. Lile alilolithamini kuliko yote, la kuyazuia majimbo yenyewe yasiguse dhamiri, Seneti ililikataa.

Akiwa Rais, mwaka 1811, alikataa kutia sahihi sheria ya kuwapa Wabatisti wa Mississippi kipande cha ardhi ya serikali. Kundi lililomsaidia halikupata upendeleo.

Lakini huko nyumbani kwake, Montpelier, waliishi watumwa zaidi ya mia moja. Hao hawakuhesabiwa upande wa wengi wala wa wachache, kwa maana hawakupiga kura kabisa. Madison alijua utumwa ni uovu, naye aliukiri. Alikufa tarehe 28 Juni 1836, na wasia wake haukumfungua hata mmoja.

Paul Jennings, mtumwa aliyemhudumia kwa miaka mingi, alikuwa karibu naye alipokata roho. Baadaye mjane wake Madison alimuuza. Mwaka 1847 seneta Daniel Webster alitoa fedha za kumkomboa, naye Jennings akazilipa kwa kazi ya mikono yake. Mwaka 1865 kumbukumbu zake juu ya bwana wake zikachapishwa.