Wilhelm Röntgen: Mwanasayansi Aliyewezesha Mfupa wa Kisigino Kuonekana

Na Mwandishi Wetu

Katika Mchukwi na vijiji vingine vya Wilaya ya Kibiti, mnazi na mkorosho ni riziki ya kaya nyingi, na kila mkwezi anaijua hatari ya kuteleza. Anayeanguka na kutua kwa miguu huweza kuvunjika mfupa wa kisigino pasipo kuwa na jeraha lolote la nje. Kwa karne nyingi mganga alitegemea vidole vyake na uzoefu wake tu kukisia kilichovunjika. Aliyeibadilisha hali hiyo ni Wilhelm Conrad Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani aliyegundua mionzi ya eksirei, na ambaye mwaka 1901 alikuwa mtu wa kwanza duniani kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845 katika mji wa Lennep, akiwa mtoto pekee wa mfanyabiashara wa nguo. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, familia yake ilihamia Apeldoorn, Uholanzi. Ujana wake haukuonesha dalili za makuu. Akiwa mwanafunzi wa shule ya ufundi mjini Utrecht, alifukuzwa kwa sababu ya kikaragosi cha mwalimu kilichochorwa na mwanafunzi mwenzake. Röntgen alitakiwa kumtaja mchoraji, naye akakataa.

Ukimya huo ulimgharimu, kwa kuwa alikosa cheti cha kumwezesha kuingia chuo kikuu kwa njia ya kawaida. Mwaka 1865 alipokelewa na Chuo cha Ufundi cha Zürich, Uswisi, ambako alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1868 na kupata shahada ya uzamivu mwaka uliofuata. Alipomfuata mwalimu wake, August Kundt, katika Chuo Kikuu cha Würzburg, alinyimwa nafasi ya kufundisha kwa sababu ya upungufu uleule wa cheti. Mwaka 1888 chuo hichohicho kilimwita kuwa profesa, na mwaka 1894 akawa mkuu wake.

Mwaka 1872 alimwoa Anna Bertha Ludwig wa Zürich. Hawakujaliwa kupata mtoto, wakamlea binti wa kaka yake Bertha kama wa kwao.

Jioni ya Novemba 8, 1895, Röntgen alikuwa peke yake katika maabara yake mjini Würzburg. Alikuwa akipitisha umeme ndani ya bomba la kioo lililoondolewa hewa, akiwa amelifunika kwa karatasi nzito nyeusi ili mwanga usitoke. Hata hivyo, ubao uliopakwa kemikali uliokuwa kando yake ulianza kung'aa. Alitambua kwamba kuna mionzi isiyoonekana kwa macho iliyokuwa ikipenya karatasi ile. Kwa kuwa hakujua asili yake, aliipa jina la herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Ndiyo asili ya neno eksirei.

Hakukimbilia kutangaza. Kwa wiki kadhaa alijifungia akiijaribu mionzi hiyo kwa mbao, vitabu na metali mbalimbali, na mara nyingine alikula na kulala maabara. Desemba 22 alimwita mkewe, akaupiga picha mkono wake. Mifupa ya vidole ilionekana wazi, na pete ya ndoa ikaonekana kama doa jeusi. Desemba 28 aliwasilisha taarifa yake ya kwanza, na mapema Januari 1896 habari ilikuwa imeenea Ulaya na Marekani.

Ugunduzi huo uliingia hospitalini kwa kasi isiyo ya kawaida. Kufikia mwaka 1898, daktari wa jeshi la Waingereza nchini Sudan aliwapiga picha majeruhi kwa mashine iliyopata umeme wake kutokana na askari waliokanyaga pedali za baiskeli.

Sababu mojawapo ya kuenea huko ni uamuzi wa Röntgen mwenyewe. Hakusajili hataza, akiamini kwamba ugunduzi huo ni mali ya wote. Fedha za Tuzo ya Nobel alizitoa kwa Chuo Kikuu cha Würzburg, na cheo cha ukabaila alichopewa hakukitumia. Mwaka 1900 alihamia Munich, ambako Bertha alifariki dunia mwaka 1919. Mfumuko wa bei baada ya Vita Kuu ya Kwanza uliila akiba yake. Alifariki dunia kwa saratani ya utumbo Februari 10, 1923, akiwa na umri wa miaka 77, na kuzikwa mjini Giessen.

Kisigino ni mfano mzuri wa faida na mipaka ya kazi yake. Mfupa huo hubeba uzito wa mwili katika kila hatua. Kwa kawaida hupigwa picha ya ubavuni, na pale inapohitajika huongezwa nyingine inayoelekezwa kisiginoni kutoka nyuma. Mwaka 1931, daktari wa mifupa Lorenz Böhler wa Vienna alieleza pembe inayopimwa katika picha ya ubavuni. Kwa kawaida pembe hiyo huwa kati ya nyuzi 20 na 40. Ikipungua, ni ishara kwamba mfupa umebonyea. Aliyeanguka kutoka juu hupaswa pia kuchunguzwa uti wa mgongo, kwa kuwa pigo lililovunja kisigino huweza kupanda hadi kiunoni.

Hata hivyo, picha haisemi kila kitu. Ufa mwembamba unaotokana na kutembea au kukimbia kupita kiasi huenda usionekane katika wiki za mwanzo. Maumivu ya kisigino yanayozidi asubuhi mtu anapokanyaga hatua za kwanza mara nyingi hutokana na utando wa chini ya unyayo, ambao eksirei haiuoneshi vizuri. Kijipembe cha mfupa kinachochomoza chini ya kisigino huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, hivyo si lazima kiwe chanzo cha maradhi. Kwa watoto, sehemu ya mfupa inayoendelea kukua inaweza kudhaniwa kuwa imevunjika. Ndiyo maana picha husomwa pamoja na maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa daktari.

Mionzi hiyo pia ina madhara isipodhibitiwa. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison wa Marekani, alifariki dunia mwaka 1904 baada ya kuathiriwa nayo kazini. Nchini Tanzania, matumizi salama ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2003. Picha ya mguu hutumia kiasi kidogo sana cha mionzi. Hata hivyo, mjamzito anashauriwa kumjulisha mtaalamu kabla ya kupigwa picha.

Wananchi wanakumbushwa kwamba mtu aliyeanguka na kushindwa kukanyaga, au ambaye kisigino chake kimevimba na kuvilia damu, asikandwe wala kuvutwa mguu. Asiukanyagie mguu huo, auinue, na afikishwe mapema katika kituo cha afya. Kisigino kilichovunjika kikiachwa bila tiba sahihi huweza kumwacha mtu akichechemea maisha yake yote, na kwa mkwezi wa minazi, mvuvi au mkulima, kuchechemea ni kupoteza riziki.