Nyerere: Kutoka kuhifadhiwa Kariakoo hadi kujikata mshahara Ikulu

Machi 1955, mwalimu mmoja wa St Francis, Pugu, aliandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa na shahada ya Edinburgh, mke, watoto wadogo na chama kisicho na hela.

Wakubwa wa shule walikuwa wamemtaka achague moja, ualimu au TANU. Julius Nyerere akachagua TANU, iliyokuwa na miezi minane tu tangu izaliwe Julai 7, 1954.

Kariakoo ndiyo iliyompokea. Alihifadhiwa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, yule yule ambaye Nyerere alimshinda kwenye uchaguzi wa urais wa TAA mwaka 1953. Yaani unamshinda mtu, halafu anakufungulia mlango ukae na familia yake. Siasa za siku hizo zilikuwa na watu wa aina hiyo.

Ofisi ya chama ilikuwa New Street, leo Mtaa wa Lumumba, pale pembeni mwa Kariakoo. Kutoka kwa Sykes ni mwendo wa miguu tu. Baadaye Nyerere alihamia kwake Magomeni, kwenye nyumba ya kawaida ambayo leo ni makumbusho. Ukiingia unashangaa jinsi ilivyo ndogo.

Vyeo navyo hakuving'ang'ania. Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Januari 1962, kabla hata miezi miwili haijaisha, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda kujenga chama mikoani. Alirudi madarakani Desemba mwaka huo huo akiwa Rais wa Jamhuri.

Ikulu ilikuwepo, tena pale baharini, lakini hakuwa na raha ya kuishi humo. Makazi yake yakawa Msasani. Ratiba yake haikuwa na mbwembwe: misa ya asubuhi, kazi, vitabu, na bao akipata mwenza wa kucheza naye. Nguo zake zilikuwa zile suti za mikono mifupi zisizo na tai, mwaka nenda mwaka rudi. Wakati mwingine alitafsiri Shakespeare. Julius Caesar ya Kiswahili ilitoka 1963, Mabepari wa Venisi ikafuata 1969. Rais wa nchi, na bado anatafuta neno la Kiswahili la kumtosha Brutus.

Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu. Walikuwa wanapinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ambako wangelipwa sehemu tu ya mshahara. Nyerere aliwasikiliza, kisha akapandwa na hasira. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao. Lakini hakuishia kwao. Mshahara wake wa Sh5,000 kwa mwezi aliukata hapo hapo kwa asilimia 20 ukabaki Sh4,000, na mishahara ya mawaziri na wakubwa wengine serikalini ikakatwa vilevile.

Miezi mitatu na ushee baadaye likaja Azimio la Arusha, Februari 5, 1967. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha.

Na hapa ndipo habari ya Mwalimu inapokuwa ngumu. Yeye aliviacha vitu kwa hiari yake. Kwa wengine, kuviacha kukawa amri.

Bibi Titi Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam, ndiye aliyewatoa wanawake majumbani na kuwapeleka TANU wakati Nyerere bado mgeni mjini. Alikuwa amejenga nyumba za kupangisha. Azimio lilipopita, aliona haliwezekani kwake, akajiuzulu kwenye Kamati Kuu mwaka huo huo. Kwa mwanamke asiye na shahada wala pensheni, nyumba ndiyo ilikuwa akiba ya uzeeni. Ni vigumu kuliita hilo tamaa.

Mwaka 1971 zikafuata nyumba za watu wengine. Jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 lilichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katikati ya jiji na Upanga, familia nyingi, hasa za Wahindi, zililala zikiwa na nyumba zikaamka wapangaji.

Kariakoo yenyewe ilipata soko jipya, lile lenye paa la miavuli ya zege lililobuniwa na Beda Amuli. Nyerere alilifungua 1975. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi.

Kisha bei ya mafuta, ukame na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza kilichobaki. Wananchi waliambiwa wafunge mkanda. Sabuni, sukari, unga, dawa ya meno, vyote foleni. Watu waliacha jiwe liwashikie nafasi kwenye mstari wakaenda kutafuta foleni nyingine. Vitu vichache ndani ya nyumba, ndiyo, ila hakuna aliyekuwa amevichagua.

Rais mwenyewe hakuwa anajificha kwenye utajiri wakati wengine wanakosa, na ndiyo maana wengi waliopanga zile foleni bado wanamwita Mwalimu kwa heshima. Sabuni, hata hivyo, ilikuwa haipo.

Novemba 1985 aling'atuka. Ali Hassan Mwinyi akaachia biashara, watu wakambatiza Mzee Ruksa, na Kariakoo ikajaa bidhaa mpaka vibarazani. Nyerere alirudi Butiama kulima.

Huko jeshi lilimjengea nyumba kubwa kuliko zote alizowahi kuishi kwa hiari yake. Aliikaa kwa muda mfupi tu. Mwaka 1999 alipelekwa London kutibiwa saratani ya damu, akafariki Oktoba 14 katika Hospitali ya St Thomas, na kurudishwa Butiama kuzikwa.