Colin Chapman, Fundi wa Magari Mepesi

Wengi wetu tumezoea kuona motokaa ikitoka kiwandani hali imekamilika. Huko Uingereza alikuwako mtu aliyeuza motokaa zikiwa vipande, na mnunuzi akaziunga mwenyewe nyumbani kwake. Mtu huyo ni Colin Chapman, na maisha yake yafaa kujulikana na kila kijana apendaye ufundi.

Alizaliwa tarehe 19 Mei, 1928, mjini Richmond karibu na London, akalelewa Hornsey, ambako baba yake aliendesha hoteli. Alisoma uhandisi wa majengo katika University College London. Elimu hiyo humfundisha mtu kukadiria kila chuma kinabeba mzigo gani, na kukiondoa kisichobeba kitu. Fikara hiyo ndiyo aliyoitia katika motokaa.

Alipokuwa mwanafunzi alifanya biashara ya motokaa kuukuu. Mwishoni mwa mwaka 1947 serikali iliondoa mgao wa petroli wa watu wa kawaida, bei za magari zikaanguka, naye akabaki na Austin Seven moja aliyoshindwa kuiuza. Hakukaa akisikitika. Aliivua bodi, akaiundia nyingine ya mbao nyembamba na bati la aluminiamu, katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa rafiki yake, Hazel Williams, aliyekuja kuwa mkewe. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza, ya mwaka 1948.

Injini za Austin zilikuwa ndogo, zenye sentimita za ujazo 747 tu, na silinda zake nne zilivuta hewa na petroli kwa matundu mawili, kila silinda mbili zikigombea tundu moja. Katika gari lake la mwaka 1951, Chapman alitia kizuizi katikati ya matundu hayo, kila silinda ikapata njia yake. Gari hilo lilishinda mno, hata sheria za mashindano zikabadilishwa.

Mwaka 1952 alianzisha kampani yake kwa mkopo wa paundi 25 alizopewa na Hazel. Gari lake la Mark VI liliuzwa kwa vipande. Mnunuzi alipata fremu ya mabomba membamba, kisha akatafuta injini na giaboksi katika Ford kuukuu. Hata ekseli ya mbele ya Ford ilitumika, ikikatwa katikati ili kila gurudumu lipande na kushuka peke yake.

Mwaka 1957 ilitokea Lotus Seven. Ikinunuliwa nzima ilikuwa paundi 1,036, lakini kwa vipande paundi 536, kwa sababu vipande havikutozwa kodi ya ununuzi. Hapo mnunuzi alikabiliwa na swali gumu: achague injini gani? Ile ya Ford, ya sentimita za ujazo 1172, ilikuwa na nguvu ya farasi wapatao 40 tu, lakini ilikuwa rahisi na vipuri vyake vilipatikana kila mahali. Ile ya Coventry Climax, ya 1098, ilitoa nguvu ya farasi 75. Asili yake ilikuwa injini ya pampu ya kuzimia moto, iliyotakiwa kuwa nyepesi ili watu waweze kuichukua. Hiyo ilikuwa ghali. Lakini Chapman alishika kwamba jambo la kwanza ni uzito. Injini kubwa husaidia zaidi penye njia iliyonyoka, bali wepesi husaidia mlimani, konani na wakati wa kufunga breki. Kwa hiyo hata mwenye injini ya Ford hakupata hasara, maana gari lake halikuzidi nusu tani.

Magari yake ya mashindano yaliipatia Lotus ubingwa wa Formula One mara saba, tangu mwaka 1963 hata 1978. Walakini wepesi una mpaka wake. Mwaka 1970 dereva wake Jochen Rindt alikufa huko Monza, Italia, na uchunguzi ulionyesha kwamba shafti ya breki ya mbele ilikuwa imekatika. Wengi walimlaumu Chapman kwamba vyuma vyake vilikuwa vyembamba kupita kiasi.

Alifariki tarehe 16 Desemba, 1982, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 54. Jina lake lilikuwa limetiwa doa na fedha zilizopotea katika shughuli za kampani ya DeLorean, na mwaka 1992 mkuu wake wa fedha alifungwa kwa jambo hilo.

Gari la Seven halikufa. Kampani ya Caterham ilinunua haki zake mwaka 1973, na mpaka leo watu huliunga nyumbani kwao. Basi, wanafunzi wenzangu, tujifunze kwake kuanza na kile tulicho nacho, na kupima kabla ya kununua. Tujifunze pia katika makosa yake: mwenye kuunda chombo na apunguze kila kitu kisichohitajiwa, lakini kile kinachochukua roho ya mtu asikipunguze.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne