Khrushchev na kitabu alichokipiga marufuku bila kukisoma

Wadau, leo tumzungumzie Nikita Khrushchev. Wengi wetu tulimkuta kwenye daftari la historia, mada ya vita baridi: makombora ya Cuba 1962, Kennedy huku, Khrushchev kule, mtihani ukipita basi, tumemsahau. Mimi nilikuja kumsoma vizuri nikiwa nimeshamaliza shule, na kilichonivuta siyo makombora. Ni ile miaka saba ya mwisho wa maisha yake, mzee hana cheo, kakaa nyumbani anasoma.

Jamaa alizaliwa 1894 kijijini Kalinovka, mtoto wa wakulima maskini, akawa fundi vyuma huko Donbas kwenye migodi ya makaa. Darasani alikaa kidogo tu. Akapanda ndani ya chama, na baada ya Stalin kufa 1953 yeye ndiye akaibuka mkubwa wa Urusi ya Kisovieti. Februari 1956 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama, milango imefungwa, akaeleza kwa saa kadhaa maovu ya Stalin. Watu waliduwaa, maana Stalin kwao alikuwa kama mungu mtu.

Ungedhani mtu wa namna hiyo atawaacha waandishi wapumue. Wapi! Boris Pasternak alikuwa ameandika Doctor Zhivago, riwaya ya daktari mmoja na mapenzi yake katikati ya mapinduzi ya 1917 na vita vilivyofuata. Nyumbani ikakataliwa, ikatoka Italia 1957. Oktoba 1958 Pasternak akapewa Tuzo ya Nobel, na hapo ndipo moto ulipowaka. Akafukuzwa kwenye umoja wa waandishi. Kiongozi wa vijana wa chama, Vladimir Semichastny, akamfananisha na nguruwe hadharani, na miaka mingi baadaye akasema maneno yale aliyapewa na Khrushchev mwenyewe. Pasternak ikabidi aikatae tuzo. Alifariki Mei 1960.

Na kitabu chenyewe mkubwa hakuwa amekisoma! Aliwaamini wale waliomwambia ni kibaya.

Tusimwonee lakini. Mwaka 1962 huyohuyo aliruhusu hadithi ya Solzhenitsyn kuhusu siku moja ya mfungwa kambini ichapishwe, na bila yeye isingetoka.

Oktoba 1964 wenzake wakampindua, akiwa na miaka 70. Mmoja wa waliopanga njama hiyo ni Semichastny, safari hii akiwa mkuu wa KGB, yaani mashushushu. Ndiyo siasa hiyo. Mzee akapewa pensheni na nyumba ya shamba Petrovo-Dalneye, nje kidogo ya Moscow, walinzi getini. Mwanzoni alinyong'onyea kabisa. Baadaye akaanza kulima bustani, na kusoma.

Enzi hizo vitabu vilivyokatazwa kule vilipigwa taipu majumbani kwa karatasi za kaboni, vikapita mkono kwa mkono. Nakala moja ya Zhivago ikafika kwa mzee. Alipomaliza akawaambia watu wa nyumbani kwamba haikustahili kupigwa marufuku, hakuona ndani yake chochote cha kuipinga nchi, na kwamba angepaswa kuisoma mwenyewe wakati ule. Ndiyo hivyo, lakini Pasternak alikuwa kaburini miaka kadhaa.

Kuanzia 1966 hivi akawa anaongea kwenye rekoda, anasimulia maisha yake, mwanae Sergei akimsaidia kupanga. Zilitoka maelfu ya kurasa. Habari zikafika juu. Mwaka 1968 akaitwa na wakubwa wa chama, akaamriwa aache. Akagoma. Aliwaambia wachukue nyumba, wachukue na pensheni, yeye ataendelea. Alikuwa anadai haki ileile aliyomnyima Pasternak.

Hapa ndipo naomba tusishangilie sana. Mzee alisimulia mengi kuhusu Stalin: hofu, karamu za usiku, watu kupotea. Ila yeye alikuwa mkuu wa chama Moscow tangu 1935, na Ukraine kuanzia 1938, miaka ileile watu walipokamatwa na kuuawa kwa maelfu. Saini yake ilihusika. Kuhusu hilo rekoda ilisikia machache sana. Alikubali kuifikiria upya historia ya nchi, ya kwake akaipitia juujuu. Kumjutia mwandishi mmoja naona ni rahisi kuliko kuwataja wale wote kwa majina, na familia zao walikuwa bado hai wanasubiri. Mnaona ninamkaba sana? Semeni.

Mwaka 1970 KGB wakamnyang'anya Sergei tepu na makaratasi, wakachelewa, nakala zilishavuka mpaka. Mwishoni mwa mwaka kitabu kikatoka Marekani. Mzee akabanwa mpaka akasaini tamko kwamba hakumpa mtu chochote. Alifariki 11 Septemba 1971. Gazeti la Pravda lilimpa habari fupi tu, tena siku ya mazishi yenyewe, na hakuzikwa kwenye ukuta wa Kremlin bali makaburi ya Novodevichy.

Doctor Zhivago ilichapishwa Urusi 1988. Kumbukumbu za Khrushchev nazo zikaanza kutoka kwenye magazeti ya huko katika kipindi hichohicho.